Joto la Tanuri la Mama Luqmani

Kabla hata ya kunawa uso, Dainess alikwenda uani kuzishika shuka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kila asubuhi tangu ukungu wa Juni ulipoingia Makambako. Alibana pindo la shuka moja, akabana la pili na la tatu kwa vidole vilivyokufa ganzi, kisha akarudi ndani na jibu lile lile la jana.

"Bado, mama. Zinatoa maji."

Mama yake, Cresensia, alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa akikausha sketi ya shule ya Dainess. Aliigeuza juu ya moto kama mtu anayechoma muhindi, upande huu kisha upande ule. Dainess aliivaa sketi hivyo hivyo, mbele ina joto na nyuma ina baridi, akanywa uji wake, akaondoka.

Watu wa mikoa ya joto wakisikia kwamba nguo inaweza kukaa kambani siku nne bila kukauka hudhani ni utani. Waje Makambako mwezi huo. Upepo upo, tena mwingi, lakini ni upepo uliobeba manyunyu. Jua likijitokeza mchana hujitokeza kama mgeni aliyekosea nyumba. Huchungulia kidogo, likaomba radhi, likaondoka. Mwalimu wao alipenda kuwaambia kwamba mchumia juani hulia kivulini. Dainess alikaa darasani na sketi yake mbichi akajiuliza, je, anayelingoja jua lenyewe atalia wapi?

Shuka zile hazikuwa zao. Zilikuwa za nyumba ya wageni ya Mzee Mustapha, iliyo karibu na stendi. Mzee huyo aliwahi kuwa dereva wa malori, na alipochoka na barabara alijenga vyumba vya kulala wasafiri. Kwa muda mrefu Mama Dainess ndiye aliyefua shuka zake, na kazi hiyo ndiyo iliyowalipia chumba na unga.

Jumatano jioni Mzee Mustapha alikuja mwenyewe. Alikaribishwa kiti, akakataa kukaa. Alieleza kwamba Jumamosi alasiri angepokea kwaya nzima kutoka Njombe, waliokuwa wakija kwenye tamasha la uimbaji, na vyumba vyote vilikwisha kuchukuliwa. Shuka za akiba zote zilikuwa hapo uani, mbichi. Akasema huko Njombe kulikuwa na dobi mwenye mashine ya kukaushia. Kondakta wa basi angeweza kupeleka mzigo asubuhi na kuurudisha jioni.

"Mama Dainess, sikufukuzi," alisema, na ilionekana kweli hakupenda kulisema. "Lakini Jumamosi adhuhuri nikikosa shuka kavu, itabidi ninunue nyingine. Na kuanzia hapo mzigo wangu utakuwa unapanda basi."

Alipoondoka, mama alibaki amesimama mlangoni. Dainess alimwona akijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaogopa. Mama yake hakuwa mtu wa kulia.

Kesho yake baada ya shule Dainess alitumwa mkate. Mikate ya mtaa wao ilitoka kwa Bi Ashura, mama yake Luqmani, aliyehamia Makambako kutoka Kondoa zamani akiwa bado msichana. Luqmani mwenyewe alisoma darasa moja na Dainess. Bi Ashura alikuwa na tanuri kubwa la matofali ndani ya banda lake. Aliwasha moto alfajiri kwa mabanzi ya paini, yale mabaki ya mbao yanayotupwa viwandani. Tanuri likishika moto alitoa makaa, akaingiza mikate, na ilipofika mchana mikate ilikuwa imeshakwenda stendi kwa abiria.

Dainess aliegemea ukuta wa tanuri huku akingoja chenji. Mgongo wake ukapata joto zuri. Juu ya tanuri paka alikuwa amelala chali.

"Mbona kuna joto na moto umezimwa?" aliuliza.

Luqmani alimweleza kwamba matofali hushika joto mpaka jioni, kisha hupoa yenyewe.

"Kwa hiyo linapotea bure?"

"Bure kabisa. Anayelitumia ni huyo paka."

Dainess hakusikia alichoongeza Luqmani. Alikuwa amekumbuka jiko la Bibi Telesia kule Kitandililo. Juu ya meko ya bibi kulikuwa na dari la fito, na juu ya fito hizo mahindi yalikauka hata mvua ikinyesha wiki nzima. Bibi hakungoja jua. Aliwasha moto wa kupikia ugali, na moto huo huo ukakausha mahindi. Kama mahindi yalikauka juu ya meko ya mafiga matatu, shuka zingeshindwaje juu ya tanuri kubwa namna hii?

Akamweleza Bi Ashura. Bi Ashura alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho makali. Alifikiri kidogo, akasema hana neno, maadamu mikate imeshatoka na unga umefunikwa. Kisha akatoa sharti moja: moto usiwashwe tena, watumie joto lililobaki. Baada ya hapo alichukua kapu lake akaenda sokoni.

Dainess na Luqmani walibeba shuka kwa beseni, wakafunga kamba juu ya tanuri, wakaanika. Wakangoja. Dainess alishika pindo, akangoja tena, akashika tena. Joto lilikuwapo, ila lilikuwa la taratibu, na yeye alikuwa na haraka. Tena lilimtia shaka, maana kwa bibi yake hakuwahi kuona kitu kikikauka bila moto kuwaka.

"Tuongeze mabanzi," alisema.

"Mama amekataza."

"Kidogo tu. Mimi nimekulia kwa bibi, najua."

Wakawasha. Mabanzi ya paini yana utomvu, nayo yakashika upesi. Dainess akaona moshi wote unapanda kwenye bomba na kutokea juu ya bati, akaona huo ni uharibifu mwingine. Kwa bibi hakukuwa na bomba. Moshi ulizunguka ndani, ukapita kwenye mahindi, ndipo ukatokea chini ya paa. Alimwambia Luqmani apande kwenye ngazi alizibe bomba kwa kipande cha bati. Luqmani alipanda, maana Dainess alizungumza kwa uhakika kama mwalimu mkuu.

Banda likajaa moshi kufumba na kufumbua. Wakatoka nje wakikohoa, machozi yakiwachuruzika, wakakaa kwenye gogo wakisubiri, wameridhika na kazi yao. Paka alishatangulia kutoka zamani. Yeye alikuwa na akili zaidi.

Bi Ashura aliporudi aliona moshi unatoka chini ya bati pande zote. Aliweka kapu chini, akafungua mlango, akalitoa lile bati kwa kijiti kirefu. Hakupiga kelele, na hilo liliwatisha zaidi kuliko kelele.

Shuka zilikuwa zimekauka, tena vizuri. Ila zilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na zilinuka moshi wa paini kiasi kwamba mtu angeweza kuzisikia akiwa barabarani.

Wakati wa kuzikunja, Luqmani alimnong'oneza kwamba si zote zilizochafuka sawa. Zile pindo zilizokuwa mbali na moto zilikuwa bado nyeupe. Zikikunjwa pindo zikae nje, Mzee Mustapha angeona weupe tu, na wale wanakwaya wangefika wamechoka, taa zenyewe za vyumbani ni hafifu. Dainess alilifikiria jambo hilo. Alilifikiria kwa dhati, maana aliyaona machozi ya mama yake. Akazikunja pindo zikae nje, akaenda nazo nyumbani.

Mama alipoona rundo la shuka kavu uso wake ulichangamka, akalipokea kwa mikono miwili. "Umezikaushia wapi, mwanangu?" aliuliza, na furaha ya sauti yake ndiyo iliyomshinda Dainess. Angeweza kudanganya mbele ya uso wenye hasira. Mbele ya ule uliofurahi hakuweza. Akakunjua shuka ya juu, akaonyesha ndani, akasema yote, hata habari ya kukunja.

Mama alikaa kitini. Akasema maneno machache tu. Shuka ataziloweka na jiki usiku huo. Na kesho asubuhi Dainess atakwenda mwenyewe kwa Mzee Mustapha kumwambia kilichotokea, kabla hajakisikia kwa watu.

Mzee Mustapha alimsikiliza asubuhi hiyo akiwa amejifunika blanketi mabegani. Dainess alikuwa amechukua shuka moja kama ushahidi. Mzee aliinusa akarudisha kichwa nyuma.

"Umeniletea shuka au samaki wa kubanika?"

Dainess aliinamisha kichwa. Mzee akamrudishia shuka na kumwambia kwamba adhuhuri ya Jumamosi haikubadilika, hawezi kuwalaza wageni kwenye moshi. Lakini akaongeza kwamba amefanya vyema kumwambia mapema. Angeambiwa kesho mlangoni, wageni wakiwa wameshuka kwenye basi, asingemwamini tena mtu yeyote wa nyumba ile. Dainess alitembea kwenda shule akiwa na hofu ile ile, ila mzigo mmoja ulikuwa umeshuka kifuani.

Aliporudi mchana alimkuta Bibi Telesia amekuja kutoka Kitandililo na kapu la mboga. Walisalimiana, "Kamwene, bibi," naye bibi akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye beseni. Shuka zilikuwa zimetakata tena, zimerudi weupe wake, isipokuwa ile moja ya ushahidi, ambayo mama alikuwa bado hajailoweka. Bibi aliishika hiyo akauliza imefanywa nini. Akaelezwa habari yote, tangu dari lake mpaka lile bati la kuzibia bomba. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mahindi tunayafukiza ili fukusi wasiyale," alisema. "Sasa ninyi shuka za wageni mlikuwa mnazifukizia fukusi gani?"

Hata mama alitabasamu. Bibi akaendelea, sasa bila kucheka, kwamba jikoni mwake kuna kazi mbili zinazofanyika pamoja. Joto linakausha, moshi unafukuza wadudu. Mahindi yanahitaji zote mbili. Shuka inahitaji moja.

Dainess alisimama akizitafakari kazi hizo mbili. Ndipo alipoelewa kwamba Bi Ashura alikuwa amempa dawa tangu jana na yeye akaimwaga. Tumieni joto lililobaki, alisema. Joto la tanuri lililozimwa halina moshi hata kidogo.

Kwenda tena kwa Bi Ashura kulikuwa kugumu kuliko kwenda kwa Mzee Mustapha, kwa sababu kwa Bi Ashura alikuwa amevunja sharti. Alimwomba radhi mbele ya mama yake na bibi yake. Alisema ni yeye aliyetaka moto uwashwe, Luqmani alimkataza. Bi Ashura aliwatazama wote watatu mlangoni pake na mabeseni yao, akasogea pembeni wapite.

Safari hii waliyaacha matofali yafanye kazi yake. Walikamua shuka kwa nguvu, mama ameshika ncha moja na Dainess ameshika nyingine, wakaanika nusu yake kwa nafasi. Lakini baada ya muda matone yakaanza kuwadondokea. Mvuke wa shuka ulikuwa unapanda, unagusa bati baridi, unarudi chini kama mvua. Dainess alitaka kukata tamaa. Bibi Telesia alitazama juu, akauliza kwa nini nyumba ya mkate haina pua. Kwa bibi kulikuwa na upenyo chini ya paa, na si moshi peke yake uliotokea hapo, unyevu nao ulitokea. Luqmani akapanda ngazi tena, mara hii kufungua badala ya kuziba. Alilegeza bati moja la pembeni juu ya ukuta, na kidirisha cha chini kikaachwa wazi kidogo. Hewa ikaanza kupita. Kabla ya magharibi, nusu ya shuka zilikuwa kavu na nyeupe.

Ikabaki nusu nyingine, na tanuri lilikuwa linapoa. Kesho mikate hutoka mchana. Shuka zilitakiwa mchana huo huo. Mama alianza kusema labda wampelekee mzee hizo zilizopo, wamwombe. Bi Ashura akamkata maneno.

"Kesho nitawahi kuwasha," alisema. "Mikate ikitoka mapema, abiria wa asubuhi wataila ya moto. Sitapoteza kitu."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi Dainess alipofika bandani, mikate ya mwisho ilikuwa inatolewa, makaa yamekwisha kutolewa nje, na ukuta wa tanuri ulikuwa moto kiasi cha kutoweza kuweka kiganja. Walianika haraka. Nje ukungu ulikuwa mzito, mtu hakuona nyumba ya jirani. Ndani shuka zilianza kupepea kidogo kidogo kwa hewa iliyopita, na kila Dainess alipobana pindo, maji yalikuwa yamepungua. Mwisho alibana moja hakusikia kitu ila kitambaa. Akabana nyingine. Akamwita mama yake.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa inasikika kutoka msikitini walipofika nyumba ya wageni, kila mmoja na furushi lake kifuani chini ya kanga ili manyunyu yasiliguse. Mzee Mustapha alikuwa anakunja mikono ya kanzu akijiandaa kutawadha. Alivuta shuka ya katikati ya furushi, si ya juu, akaikunjua yote. Akainusa, akaiweka shavuni.

"Ina joto," alisema kwa mshangao. Kisha akacheka. "Wanakwaya watadhani nimeweka umeme kitandani. Mama Dainess, mzigo wa kesho Jumapili uje kuuchukua kama kawaida."

Mama aliketi pale pale kwenye ngazi ya baraza. Alivuta pumzi ndefu, akaitoa, akavuta nyingine. Halafu akaanza kucheka, na Dainess akacheka naye, bila sababu nyingine ila kwamba hofu ilikuwa imeondoka na mahali ilipokaa pamebaki wazi.

Habari za shuka zenye joto zilienea mtaani upesi kuliko Dainess alivyotazamia. Jumatatu jirani mmoja alileta sare za watoto wake. Akaja mwingine na sweta. Alipokuja mama mmoja na nepi, Bi Ashura alisimama mlangoni na kuuliza nani atanunua mkate unaonuka nepi. Akasema biashara mbili zikikaa chumba kimoja moja itaila nyingine. Basi wakajenga kibanda cha mabanzi upande wa nje, kikiegemea ukuta wa nyuma wa tanuri, chenye mlango wake, kamba zake, na upenyo chini ya paa kama wa Bibi Telesia. Mama alifua na kuanika, Bi Ashura akatoa joto, faida wakagawana. Aliyefuata nguo zake asubuhi alikuta pia mkate wa moto umefungwa tayari kama anautaka, na wengi waliutaka. Luqmani aliandika kibao kwa rangi nyeupe: NGUO KAVU NA MKATE. Herufi za mwisho zilibanana kwa sababu alianza na kubwa mno, lakini zilisomeka.

Jioni moja watu wazima watatu walikuwa wameketi ndani ya kibanda hicho wakiota joto, maana hata wao walikuwa wamejifunza kwa paka. Luqmani akamwambia Dainess kwamba amevumbua kitu kipya. Dainess akakana. Tanuri ni la Mama Luqmani, alisema, dari ni la bibi, kufua ni kwa mama. Yeye hakuvumbua chochote, tena aliharibu.

Bi Ashura, yule mwanamke wa maneno machache, siku hiyo alikuwa nayo mengi kidogo.

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake," alisema. "Mimi nimeoka hapa miaka yote na joto langu nikampa paka. Bibi yako amekausha mahindi tangu ujana wake, mama yako amefua mpaka mikono ikachubuka. Kila mmoja alikuwa na lake, hatukuwahi kuketi pamoja. Wewe ndiye uliyetusuka."

"Na ulipokosea," mama akaongeza, "ni pale ulipochukua la bibi yako lote bila kuuliza, pamoja na moshi wake. Wazo la mtu ukiliazima, lichambue kama mchele. Lenye kufaa lipike, chuya zitupe. Na ukishaharibu, sema siku hiyo hiyo. Mzee Mustapha hakutuachia kazi kwa sababu ya joto la shuka peke yake. Ameniambia mwenyewe. Alisema nyumba yenye mtoto anayekuja kujisema kabla hajakamatwa, haogopi kuiachia funguo."

Bibi Telesia aliitikia kwa kichwa, kisha akauliza kama kuna mtu atakayempa mkate au wote wamekuja kuhubiri.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa pale pale. Dainess aliamka, akanawa uso kwanza, kwa sababu uani hakukuwa na kitu cha kushika. Sketi yake ilikuwa imekunjwa juu ya kiti, kavu mbele na nyuma. Akaivaa, akatoka kwenda shule.